Mstari Mnene Haujui Njia

Mkono wa Felicitas ulikuwa bado juu, pale pale tulipouacha, msomaji wangu, na vidole vya Mutalemwa vilikuwa vimeukamata kwenye kifundo.

"Usilitamke neno hilo, Mama Vero," alinong'ona. "Ukisema 'hatuuzi', utajuta mpaka mvua za vuli."

Uwanja wote wa ghala uliwageukia. Hata mbuzi aliyekuwa anatafuna kamba ya turubai alisita.

"Niachie," Felicitas alisema.

Akamwachia. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja.

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa chumvi kabla hujalisoma, nikusogeze haraka. Felicitas, tunayemwita Mama Vero, ni mjane wa marehemu Kamuli, na yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa. Mwaka huu wanachama waliapa pamoja, Wakatoliki kwa Walutheri: hakuna tena butura, ule mtindo wa kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Kahawa yote iliingia ghalani kungoja mnada.

Mnada ukafika, bei ikasomwa, na ikawa chini ya ile ya mnada uliotangulia kule Karagwe. Watu wakaguna. Ndipo Ainebyona, mtoto wa mdogo wake Felicitas, aliyesomea biashara Mwanza, akamwonyesha mama yake mkubwa simu. Soko la London. Mstari mnene mweusi, unapanda.

"Mama mkubwa, unaona? Unapanda. Tukatae leo, tungoje mnada ujao."

Felicitas akanyanyua mkono kukataa. Na nani akauzuia mkono huo? Mutalemwa! Mtu wa Muleba, mnunuzi yule yule wa butura, ambaye kahawa isipouzwa watu wenye shida humkimbilia kumuuzia maua. Wakikataa bei leo, wa kwanza kucheka ni yeye.

Sasa mbona anawazuia?

"Mwenyekiti!" Mzee Polikarpi alisimama juu ya benchi. Huyu ni mwanachama mwenye sauti kubwa kuliko shamba lake. "Mwenyekiti, huyo bwana anakushika mkono kama nani? Mchumba?"

Watu wakaangua kicheko. Felicitas hakucheka. Miguu yake ilikuwa haitulii, mara huku, mara kule, kama imesimama juu ya siafu.

"Mama, jibu," alisema Gaudiosus, karani wa mnada, akiwa na kipaza sauti. "Wanachama wako wanauza au hawauzi?"

"Niruhusu niongee na wenzangu kidogo."

"Sheria hairuhusu kusimamisha mnada."

"Najua, baba."

Gaudiosus alimtazama. Kisha akakohoa, akaweka kipaza sauti mezani, akachukua chupa yake ya maji.

"Koo limenikauka," alitangaza. "Nitakunywa maji kwanza."

Ile chupa ilikuwa tupu, na waliokaa mbele waliiona kuwa ni tupu. Lakini Gaudiosus aliinua, akameza, akaishusha, akajifuta mdomo, akainua tena. Mungu ampe maisha marefu.

Felicitas alimshika Ainebyona mkono, akamvuta nyuma ya ghala. Mutalemwa akawafuata bila kuitwa.

"Haya, sema," Felicitas alimgeukia. "Sema upesi, na ukinidanganya nitajua."

"Kijana," Mutalemwa alisema, "nionyeshe huo mstari."

Ainebyona alisita, akamtazama mama yake mkubwa, kisha akatoa simu.

"Huu hapa. Umepita ishirini na tano. Ukiwa chini ya ishirini, bei inazurura tu, kama mbuzi aliyefunguliwa, huwezi kujua inakwenda wapi. Ukipita ishirini na tano, bei imeshika safari. Na huu unazidi kupanda. Basi bei inapanda."

"Hapo hapo," Mutalemwa alisema. "Hapo ndipo ulipojikwaa."

"Nimejikwaa wapi?"

"Mstari mnene unapima nguvu ya safari. Hausemi safari ya wapi. Ile mistari miwili myembamba iko wapi? Wa kijani na mwekundu?"

Ainebyona aliinamia simu.

"Niliifuta."

"Uliifuta!" Felicitas akashtuka.

"Kioo ni kidogo, Mama mkubwa. Ilikuwa inapitana kama nyuzi za sufu, inanichanganya macho. Nikaona mnene unatosha."

Mutalemwa hakumcheka. Alimgeukia Felicitas, akanyoosha kidole kwenye migomba iliyokuwa nyuma ya ghala, kila mmoja wenye mkungu umeegemezwa mti wa panda.

"Mama Vero, nikikuambia kesho kuna upepo mkali, utaegemeza mgomba upande gani?"

"Siwezi kujua mpaka uniambie upepo unatoka wapi. Wa Rwanda unaangusha huku, wa Uganda unaangusha kule."

"Basi huyu kijana amepima ukali wa upepo. Upande hajauliza."

Felicitas aliigeukia simu.

"Irudishe," alimwambia Ainebyona. "Irudishe hiyo mistari sasa hivi."

"Simu yangu haipati mtandao hapa."

"Uko wapi?"

"Pale. Juu ya kichuguu."

Hapo, msomaji wangu, ungewaona! Mwenyekiti wa chama, mama mtu mzima mwenye kitenge cha kanisani, anapanda kichuguu kwa mikono na magoti. Kijana yuko mbele, simu ameiinua juu kama anayeonyesha msalaba. Mutalemwa yuko nyuma, anamsukuma mama kwa kiwiko kwa adabu, uso ameugeuzia kando.

"Umepata?"

"Kiduara kinazunguka."

"Umepata?"

"Bado kinazunguka, Mama mkubwa!"

Kutoka uwanjani walimsikia Polikarpi. "Wamekwenda wapi? Wanagawana nini huko nyuma? Karani, hayo maji hayaishi? Unakunywa ziwa?"

"Imekuja," Ainebyona alisema.

Kisha akaishusha simu polepole.

"Aine?"

Kijana alikaa chini juu ya kichuguu. Uso wake ulikuwa umepauka kama muhogo uliomenywa. Akampa simu.

Felicitas hakusoma sana, lakini rangi anazijua. Mstari mwekundu ulikuwa juu. Wa kijani ulikuwa chini, mbali, unazidi kuzama.

"Mwekundu ni nini?"

"Ni kushuka. Wa kijani ndio wa kupanda," Ainebyona alisema. "Bei inashuka, Mama mkubwa. Inashuka kwa nguvu. Mnene unapanda kwa sababu kushuka kwenyewe kunaongezeka nguvu. Nimekaribia kukuangamiza. Nimekaribia kuangamiza kijiji kizima."

Mwingine angempiga kofi. Na angekuwa na haki. Felicitas alichukua ncha ya kitenge chake, akampangusa jasho usoni, kama alivyokuwa akimpangusa alipokuwa mdogo na homa.

"Hujaangamiza mtu. Mdomo wangu bado haujasema. Simama."

Akageuka kwa Mutalemwa. Sasa macho yake yalikuwa makali.

"Na wewe. Tukikataa bei, tutakwama. Tukikwama, wenye watoto wanaodaiwa ada watakuja kwako kukuuzia maua. Hiyo ndiyo kazi yako. Kwa nini unatuokoa?"

"Nimechoka kununua maua."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana nilikwenda Kimuli kuchukua kahawa ya butura kwa mama mmoja, mjane kama wewe. Nilifika njaa inaniuma. Alikuwa anajua nimekuja kuchukua jasho lake lote. Akanikaribisha. Akanipikia ndizi na maharage, akaniwekea na panzi wa senene aliokuwa amewahifadhia wanawe." Akatazama migomba. "Sikuweza kumeza, Mama Vero. Akadhani chakula hakina chumvi. Akaenda kuniazimia kwa jirani."

Felicitas alimtazama kwa muda. Alitaka kumwamini. Alitaka pia kukimbia. Tangu asubuhi moyo wake ulikuwa hauna mahali pa kukaa.

Mutalemwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile tuichemshayo na majani yenye harufu na kuianika. Akaikung'utia kiganjani, akamnyooshea.

"Pokea, Mama Vero. Tuwe na amani."

Ewe msomaji, wewe wa nyanda zetu unajua. Kahawa ya mkononi haikataliwi. Anayekuwekea kahawa kiganjani amekuita ndugu, na ukiirudisha umemwita adui. Mama zetu walitufundisha hivyo kabla hatujajua kuhesabu.

Felicitas akapokea. Akatia punje mdomoni.

"Aaah!"

Mzee Polikarpi alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, mdomo wazi.

"Ameila! Ameila kahawa ya mkono wake!"

"Mzee Polikarpi, ngoja—"

Hakungoja. Mzee yule wa magoti mabovu, anayebebwa bodaboda hata kwenda misa, alitimua mbio kama mwanambuzi.

"Jamani! Mwenyekiti amenunuliwa! Amekula kahawa ya Mutalemwa! Nimemwona kwa macho yangu haya!"

Felicitas alipofika uwanjani, watu walikuwa wamesimama wote. Gaudiosus alikuwa ameiweka chupa chini, kwani hata huruma ina mwisho wake.

"Mama, nakuomba jibu. Mnauza au hamuuzi?"

"Kabla sijajibu—"

"Tunajua utajibu nini!" mtu alipiga kelele. "Atasema tuuze! Subirini muone!"

"Sasa hivi tu alinyanyua mkono kukataa," Polikarpi alidakia. "Akisema tuuze sasa, jiulizeni kilichombadilisha ni nini. Mimi nakijua. Kiko kati ya meno yake!"

Hapo Felicitas aliona mtego ulivyomzunguka. Akisema "hatuuzi", atashangiliwa, na kijiji kitaanguka. Akisema "tunauza", atakuwa amesema kweli, na hakuna atakayemwamini.

Akachukua kipaza sauti mezani kwa Gaudiosus. Akakishika kwa mikono yote miwili.

"Ndugu zangu. Nimekula kahawa ya mtu aliyeninyooshea mkono. Nani kati yenu angeirudisha? Wewe, Mzee Polikarpi, ungeirudisha?"

Polikarpi akapapasa ndevu.

"Sikiliza swali langu la pili. Upepo mkali ukija, unatosha kujua kuwa ni mkali? Si lazima ujue unasukumia wapi? Sisi kwanza tuliona kipimo kinapanda, tukadhani bei inapanda. Kile kipimo ni cha nguvu tu. Nguvu ipo kweli, lakini inasukuma chini. Nimeona mwenyewe sasa hivi. Tukingoja mnada ujao, tutaikuta bei imelala chini zaidi."

"Nani alisema inapanda?" mwanamke mmoja aliuliza. "Si huyo mtoto wako wa Mwanza?"

Felicitas alifungua mdomo kumkingia kifua. Lakini Ainebyona alikuwa ameshapita mbele, akasimama pembeni ya meza.

"Ni mimi," alisema. "Shikamooni. Mama mkubwa hana kosa. Mistari ilikuwa mitatu, mimi nikaifuta miwili kwa sababu ilinisumbua. Nilitaka kuonekana najua. Nawaomba radhi."

"Bwana London!" mtu alimzomea.

"Mpeni kiti, Bwana London!"

Kicheko kikapanda. Ainebyona alisimama tu, masikio yamewiva kama pilipili. Hakukimbia.

"Tupige kura," Felicitas alisema. "Sitauza kwa mdomo wangu peke yangu. Anayetaka tuuze, mkono juu."

Mikono ikainuka, hapa na pale, kwa kusitasita. Gaudiosus alihesabu.

"Wasiotaka?"

Ikainuka mingine kwa kishindo, wa Polikarpi ukiwa mbele kuliko yote. Gaudiosus alihesabu, akahesabu tena, akajikuna kichwa.

"Imelingana."

Kelele! Kila mtu alimwangalia jirani yake kama mwizi.

"Kuna mmoja hajapiga," Gaudiosus alisema. "Yule mama pale kwenye magunia."

Wote wakageuka. Kwenye magunia alikaa Auleria, mama mkimya mwenye kanga mbili. Mke wa nani? Mke wa Polikarpi!

"Kwisha habari," Polikarpi alicheka. "Mke wangu, inua mkono, twende nyumbani."

Auleria aliinuka taratibu, akajipangusa vumbi.

"Mimi nasema tuuze."

"Auleria! Rudisha hiyo kauli!"

"Kahawa niliichuma mimi. Nilipokuwa naichuma, wewe ulikuwa unacheza bao."

"Lakini mwenyekiti amekula—"

"Hata mimi ningekula. Sikiliza, mume wangu. Huyu kijana amesimama mbele ya watu wote akasema 'nimekosea'. Tangu nimeolewa sijawahi kumwona mwanamume akifanya hivyo. Kijana wa namna hiyo namwamini na simu yake."

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walimcheka Polikarpi mpaka wakashika mbavu. Ainebyona alimtazama yule mama kama anayeona malaika.

"Tunauza!" Felicitas alisema kwenye kipaza sauti.

Gaudiosus akabonyeza kitufe cha kompyuta. "Imeuzwa."

Felicitas alivuta pumzi. Ilikuwa ya kwanza kushuka mpaka tumboni tangu jogoo alipowika. Ada za watoto, mabati ya mwanachama Beata, dawa za bibi kizee wa mlimani, vyote vimepona. Akatafuta kiti.

Hakukaa.

Kwa kawaida ya mnada, wanunuzi huweka bei zao bila kujulikana, na jina la aliyeshinda huonekana mauzo yakishafungwa. Sasa jina lilitokea kwenye skrini ya ukutani, kubwa, kwa herufi nyeupe. Jina la kampuni moja ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Na chini yake, jina la wakala wake.

Ainebyona alilisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akalisoma kwa sauti, kwa kuwa wengi walikuwa wanamngoja.

"Elipidius Mutalemwa."

Vichwa vyote vikamgeukia Felicitas.

"Ni yeye," Polikarpi alisema polepole. Safari hii hakutania, na ndiyo maana ilitisha. "Aliyekuambia uuze ndiye aliyenunua."

Akaacha benchi lake. Akaenda hadi mlango wa ghala, akaegemeza mgongo wake kwenye kufuli. Mwanamume mwingine akamfuata, na mwingine, hata baadhi ya wale waliokuwa wameinua mikono kutaka kuuza. Auleria alibaki amesimama peke yake kwenye magunia, mkono mdomoni.

Felicitas aligeuka. Mutalemwa alikuwa getini, funguo za pikipiki mkononi. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alivua kofia.

"Mama mkubwa," Ainebyona alinong'ona, "mistari haikuwa ya uongo. Niliifungua mimi mwenyewe. Bei inashuka kweli. Sasa mtu anayejua bei inashuka, ananunua kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri. Hapakuwa na kipimo kwenye simu cha kulijibu.

Felicitas alivuka uwanja. Watu walidhani anakwenda getini kwa Mutalemwa. Wengine walidhani anakwenda nyumbani kujificha. Alikwenda mlangoni mwa ghala. Polikarpi akakaza mgongo, akitarajia kusukumwa. Felicitas alitandika kitenge chake chini, mbele ya miguu ya mzee yule, akakaa.

"Bwana Mutalemwa!" aliita. "Nimekula kahawa yako, na siitemi. Lakini gunia halitoki humu mpaka uniambie mbele ya hawa wote umenunua kwa nini."

Mutalemwa alikuja mpaka katikati ya uwanja. Alikuwa na jasho, na macho yake hayakuwa kwa Felicitas. Yalikuwa yakitazama nyuma, barabara ya kutoka Kayanga, inakopanda mlima.

"Nilitaka iwe imeuzwa kabla hawajafika," alisema. "Kwa mtu yeyote. Wengine waliogopa kupandisha bei, nikapandisha mimi."

"Kabla hawajafika akina nani?"

"Wadai. Wana karatasi ya mahakama, Mama Vero. Inasema kahawa iliyomo kwenye ghala hili, ikiwa bado ni ya chama, ni yao. Na chini ya karatasi hiyo kuna sahihi ya mwanachama wenu."

Felicitas alisikia juu ya kichwa chake kitu kikigonga kufuli, taratibu, bila kukoma. Akainua macho. Ilikuwa mikono ya Mzee Polikarpi, na ilikuwa inatetemeka.